Kapelyushnikov: Mhandisi aliyeteremsha mtambo wa kuchimbia mafuta hadi kitako cha kisima

KATIKA historia ya uchimbaji wa mafuta, wapo watu ambao majina yao hutajwa kila kukicha kwa sababu walitajirika kupindukia. Wapo pia wale ambao fikra zao hutumika usiku na mchana katika visima vya dunia nzima, ilhali majina yao hayajulikani nje ya duru za wahandisi na mipaka ya nchi walizozitumikia.

Matvei Alkunovich Kapelyushnikov ni wa kundi hili la pili. Nchini Urusi na Azerbaijan yeye ni mtu mashuhuri, na kwa miaka mingi mtambo alioubuni uliitwa kwa jina lake. Kwingineko, wanaomtaja ni wachache.

Mnamo 1922, akiwa mjini Baku, mhandisi huyo na wenzake wawili walijiuliza swali ambalo leo linaonekana jepesi. Je, kuna haja gani ya kulizungusha bomba lote refu kutoka juu ya ardhi, ilhali kinachosaga mwamba ni kile kichwa kidogo kilicho chini kabisa? Jibu walilolitoa ndilo lililozaa mtambo wa turbini wa kuchimbia visima. Hata hivyo, mtambo wenyewe ulimshinda nguvu, na ikawabidi watu wengine waukamilishe.

Mwana wa milima ya Caucasus

Kapelyushnikov alizaliwa mwezi wa Septemba 1886 huko Abastumani, mji mdogo wa milimani nchini Georgia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya himaya ya Urusi. Mji huo ulisifika kwa hewa yake safi na chemchemi za maji moto ambazo wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuja kuoga.

Kiu ya elimu ilimpeleka mbali na kwao. Alivuka himaya hiyo pana hadi Tomsk, katika Siberia, akajiunga na Taasisi ya Teknolojia ya mji huo na kusomea uhandisi wa mitambo. Alihitimu mwaka wa 1914, mwaka ule ule ambao Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka.

Baada ya masomo alielekea Baku, mji ulio ufuoni mwa Bahari ya Kaspi. Kwa kijana aliyesomea mitambo, hapakuwa na mahali pengine pa kufaa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mnamo 1901, visima vya Baku na viunga vyake vilitoa zaidi ya nusu ya mafuta yote yaliyochimbwa duniani. Minara ya mbao ya kuchimbia ilisongamana kama miti ya msituni, na ardhi ilikuwa nyeusi kwa mafuta yaliyomwagika.

Neema hiyo haikudumu. Ghasia za 1905, kisha vita, mapinduzi na mapigano ya wenyewe kwa wenyewe viliuacha mji huo hoi. Jeshi Jekundu lilipoingia Baku mwezi wa Aprili 1920, visima vingi vilikuwa vimefurika maji, na mafuta yaliyopatikana hayakufika nusu ya yale ya 1913. Mali ya matajiri ilitwaliwa na serikali, na shirika jipya la Azneft likakabidhiwa jukumu la kuvifufua visima hivyo chini ya usimamizi wa Alexander Serebrovsky.

Ni katika mazingira hayo ya uhaba wa kila kitu, kuanzia mikate hadi misumari, ambapo Kapelyushnikov alianza kubuni mtambo wake.

Mchi, kinu na bomba refu

Ili kuuelewa uvumbuzi wake, yafaa kwanza kuelewa jinsi visima vilivyochimbwa wakati huo.

Njia ya zamani ilikuwa ya kutwanga. Chuma kizito chenye makali kiliinuliwa na kuachiliwa kianguke, kikainuliwa tena na kuachiliwa tena, kama mchi ndani ya kinu. Kila baada ya muda kazi ilisimamishwa ili mawe yaliyosagika yatolewe. Kisima kimoja kiliweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Njia mpya iliyotoka Marekani ilikuwa ya kuzungusha. Mabomba ya chuma yaliunganishwa moja baada ya jingine, na chini yake kukafungwa kekee, yaani kichwa chenye meno kinachosaga mwamba. Injini iliyokuwa juu ya ardhi iliyazungusha mabomba yote kwa pamoja. Wakati huo huo, pampu zilisukuma tope jepesi ndani ya bomba hadi chini. Tope hilo liliipoza kekee, likabeba vipande vya mawe na kupanda navyo juu kupitia nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa kisima.

Njia hii ilikuwa ya kasi zaidi, lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Kisima kilipofika mita elfu moja, injini ililazimika kuzungusha chuma chenye urefu wa mita elfu moja ili kichwa kisichozidi upana wa sufuria kizunguke. Ni sawa na mtu kujaribu kukoroga uji kwa mwiko mrefu kuliko mlingoti wa jahazi. Sehemu kubwa ya nguvu ilipotea njiani kwa mabomba kusuguana na kuta za kisima.

Aidha, mabomba yenyewe yalijipinda na kukatika. Bomba lilipokatika, wachimbaji walitumia siku kadhaa wakijaribu kuliopoa, na waliposhindwa, kisima kiliachwa. Kwa nchi iliyokuwa na viwanda bora vya chuma, hiyo ilikuwa hasara ya kuvumilika. Kwa Baku ya 1922, ambako chuma cha pua kilikuwa adimu na pesa za kigeni za kununulia mabomba hazikuwepo, lilikuwa ni suala la kufa na kupona.

Kinu cha maji ndani ya kisima

Kapelyushnikov na wenzake, S. M. Volokh na N. A. Kornev, waliligeukia lile tope. Tope lilikuwa tayari linasukumwa hadi chini kwa nguvu nyingi. Nguvu hiyo ilitumika kusafisha kisima tu. Kwa nini isitumike pia kuzungusha kekee?

Mtambo walioubuni ulikuwa na umbo la bomba fupi nene lililofungwa mwishoni mwa mabomba ya kuchimbia, juu kidogo ya kekee. Ndani yake mlikuwa na gurudumu lenye mapanga, yaani turbini. Tope liliposhuka kwa kasi liliyapiga mapanga hayo, gurudumu likazunguka kama linavyozunguka lile la kinu cha maji mtoni. Mabomba yaliyo juu yalitulia tuli. Kichwa pekee ndicho kilichofanya kazi.

Wazo la kutumia turbini kisimani halikuwa jipya kabisa. Nchini Marekani, hataza ya mtambo wa aina hiyo ilikuwa imetolewa mwaka wa 1873 kwa mtu aliyeitwa Cross, na huko huko Baku mhandisi Simchenko alikuwa amechora mtambo unaofanana nao mnamo 1890. Lakini michoro hiyo ilibaki kwenye karatasi. Kikundi cha Kapelyushnikov ndicho kilichotengeneza chuma chenyewe na kukiteremsha kisimani.

Mnamo 1924 mtambo huo ulichimba kisima mjini Baku, na historia ya uhandisi inakitambua kuwa kisima cha kwanza duniani kuchimbwa kwa turbini. Mwanzo wa ngoma ni lele, na ngoma hiyo ilianza kulia mahali ambapo miaka minne tu awali palikuwa pamekufa ganzi.

Tope lageuka adui

Furaha hiyo ilifuatwa na kazi ngumu. Turbini ya Kapelyushnikov ilikuwa na daraja moja tu, yaani gurudumu moja la mapanga. Ili gurudumu moja litoe nguvu ya kutosha, ilibidi tope lipite kwa kasi kubwa mno, zaidi ya mita 50 kwa sekunde.

Tope la kuchimbia si maji safi. Limejaa mchanga na vumbi la mawe. Kwa kasi hiyo, lilikwangua mapanga ya chuma kama msasa unavyokwangua mbao, na baada ya muda mfupi mapanga yaliisha makali na umbo.

Tatizo la pili lilikuwa mwendo. Gurudumu lilizunguka kwa kasi ambayo kekee za wakati huo hazingeweza kuistahimili. Ikabidi gia ziwekwe kati ya turbini na kekee ili kupunguza mwendo. Gia hizo zilikaa ndani ya kasha lililojaa oili, zikabebeshwa mzigo mkubwa katika nafasi finyu, na kila tope lilipopenya ndani ya kasha, meno yake yalisagika. Mtambo ulilazimika kutolewa nje mara kwa mara, na kila mara mabomba yote yalifunguliwa moja baada ya jingine, kisha kuunganishwa upya.

Hivyo basi, muda uliookolewa wakati wa kuchimba ulipotea wakati wa kutengeneza. Mtambo huo ulitumika Baku kwa takriban miaka kumi bila kuishinda njia ya kuzungusha mabomba kutoka juu. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, toleo hilo la kwanza lilikuwa limefika ukingoni.

Kuvunja mafuta mazito

Katika kipindi hicho, Kapelyushnikov hakujifungia katika uchimbaji pekee. Alishirikiana na mmoja wa wahandisi wakubwa zaidi katika historia ya Urusi, Vladimir Shukhov, aliyezaliwa mwaka wa 1853 na ambaye sifa zake zilianzia kwenye mabomba ya kusafirishia mafuta hadi kwenye mnara maarufu wa redio jijini Moscow.

Shukhov alikuwa amepata hataza mnamo 1891 ya njia ya kuvunja mafuta mazito kwa joto na shinikizo ili yatoe mafuta mepesi kama vile petroli. Wakati huo magari yalikuwa machache na petroli haikuwa na soko, hivyo hataza hiyo ililala kwa miongo minne.

Kufikia miaka ya 1920 hali ilikuwa imebadilika. Magari, matrekta na ndege vilihitaji petroli, na mafuta ghafi yalipochemshwa kwa njia ya kawaida yalitoa kiasi kidogo tu. Shukhov, aliyekuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliungana na Kapelyushnikov kuligeuza wazo lile la zamani kuwa kiwanda. Kiwanda hicho kilianza kazi Baku mnamo 1931 na kikaitwa kwa heshima ya nchi yao mpya, Kiwanda cha Kisovieti cha Kuvunja Mafuta.

Kwa nchi iliyokuwa ikinunua mitambo kama hiyo kutoka ng'ambo, hayo yalikuwa mafanikio ya kujivunia.

Vijana wachukua usukani

Wakati huo huo, kikundi cha wahandisi vijana wa Baku kiliamua kutoitupa fikra ya turbini pamoja na gia zake zilizochakaa. Kiliongozwa na Pyotr Shumilov, na ndani yake walikuwemo R. A. Ioannesyan, E. I. Tagiev na M. T. Gusman. Mnamo 1934 walianza kusanifu mtambo mpya.

Hesabu za Shumilov zilionyesha mahali ambapo mambo yalikwenda mrama. Badala ya gurudumu moja kubebeshwa mzigo wote, magurudumu mengi yangepangwa juu kwa juu kwenye mhimili mmoja, 100 au zaidi, na kila moja lichukue sehemu ndogo ya nguvu. Tope lingepita taratibu zaidi, mapanga yasingelika upesi, na mhimili ungezunguka kwa mwendo ambao kekee ingeuvumilia bila gia yoyote.

Kwa pigo moja matatizo mawili yaliyomsumbua Kapelyushnikov yaliondoka. Beringi nazo zilibuniwa kwa mpira na kulainishwa na tope lenyewe, hivyo adui wa jana akafanywa mtumishi.

Mtambo huu wa madaraja mengi ndio ulioenea nchini humo. Shumilov hakuishi kuyaona matunda yake yote, kwani alifariki mwaka wa 1942, vita vikiwa vimepamba moto.

Kapelyushnikov kwa upande wake alihamia Moscow mwaka wa 1937 na kuingia katika utafiti wa kisayansi. Hiyo ilikuwa miaka ya hofu. Serebrovsky, aliyekuwa mkuu wa Azneft katika siku za mtambo wa kwanza, alikamatwa mwaka huo huo na kuuawa mnamo 1938 katika wimbi la mauaji ya enzi ya Stalin. Kapelyushnikov alinusurika. Mnamo 1939 aliingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Muungano wa Sovieti katika daraja ya mwanachama mshiriki, hatua moja chini ya uanachama kamili.

Huko Moscow alichunguza namna mafuta, gesi na maji yanavyokaa ndani ya miamba, hususan jinsi gesi iliyobanwa kwa shinikizo kubwa inavyoweza kuyayeyusha mafuta na kuyabeba. Hiyo ilikuwa elimu ya kumaliza kiu ya visima vilivyozeeka, ambavyo hubakisha mafuta mengi ardhini baada ya shinikizo la asili kwisha.

Chuma duni na mwamba mgumu

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika karibu na Caucasus mnamo 1942, wachimbaji wengi wa Baku walihamishwa pamoja na mitambo yao hadi eneo lililo kati ya mto Volga na milima ya Ural. Eneo hilo liliitwa Baku ya Pili. Mwamba wake ulikuwa mgumu kuliko ule wa Kaspi, na mtambo wa turbini uliuvamia kwa kasi ambayo mabomba ya kuzungushwa hayangeifikia.

Kulikuwa na sababu nyingine. Viwanda vya Sovieti havikutengeneza mabomba imara ya kutosha kustahimili kuzungushwa kutwa kucha. Kwa kuwa turbini iliyaacha mabomba yametulia, hata bomba la wastani liliweza kufanya kazi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya robo tatu ya uchimbaji wote wa mafuta na gesi nchini humo ulifanywa kwa turbini.

Hata hivyo, sifa hizo zisimfumbe mtu macho. Turbini ilizunguka kwa kasi iliyozimaliza beringi za kekee mapema, na kekee ilipokwisha, mabomba yote yalilazimika kutolewa. Katika visima vifupi hasara hiyo ilikuwa ndogo. Kadiri visima vilivyozidi kwenda chini, ndivyo muda mwingi ulivyopotea kwa kupandisha na kuteremsha mabomba. Kwa kuitegemea turbini karibu kila mahali, nchi hiyo pia ilichelewa kuboresha mabomba na kekee zake. Dawa iliyoponya udhaifu mmoja ikawa kisingizio cha kutoponya mwingine.

Visima vya mshazari

Faida kubwa zaidi ya turbini ilionekana pale ambapo kisima hakikutakiwa kwenda wima. Bomba linalozungushwa kutoka juu ni vigumu kulielekeza upande. Bomba lililotulia, likiwekewa kipande kilichopinda karibu na kekee, huelekea kule linakoelekezwa.

Mnamo 1941, mhandisi Alexander Grigoryan alichimba kisima cha mshazari mjini Baku kwa kutumia mtambo wa chini ya kisima kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa 1953, katika eneo la Bashkiria, alichimba kisima chenye matawi tisa yaliyochipuka chini ya ardhi kama mizizi ya mti. Kisima hicho kiligharimu mara moja na nusu ya kisima cha kawaida, lakini kilitoa mafuta mara 17 zaidi.

Habari hizo zilivuka mipaka licha ya uhasama uliokuwepo kati ya mataifa makubwa. Mnamo 1956 kampuni ya Dresser ya Marekani iliafikiana na Wasovieti ili kuipata mitambo hiyo ya turbini. Nchi iliyowafundisha Warusi kuzungusha mabomba ilikuwa sasa inabisha hodi kutaka kujua namna ya kutoyazungusha.

Kapelyushnikov alifariki mwezi wa Julai 1959 jijini Moscow akiwa na umri wa miaka 72. Miaka 11 baadaye, mnamo Mei 1970, wanasayansi wa Sovieti walianza kuchimba kisima cha utafiti katika rasi ya Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi. Kisima hicho kilifika kina cha mita 12,262 mnamo 1989. Kazi hiyo ilifanywa kwa turbini iliyo chini, ikining'inia kwenye mabomba mepesi ya mchanganyiko wa alumini, kwani ilikuwa vigumu kulizungusha bomba la urefu huo kutoka juu bila kukatika.

Bomba lisiloweza kuzunguka

Tangu wakati huo, fikra ya Kapelyushnikov imepata makao mengine ambayo yeye hakuyaona.

Mnamo 1962, Wamarekani walianza kutumia bomba jembamba la chuma lisilo na viungo, lenye urefu wa maelfu ya mita na lililoviringwa kwenye gurudumu kubwa kama mpira wa kunyunyizia bustani. Bomba hilo huteremshwa kisimani kwa kunyooshwa na kutolewa kwa kuviringwa tena. Mwanzoni lilitumika kusafisha na kukarabati visima vilivyokwisha kuchimbwa.

Mapema katika miaka ya 1990, wahandisi nchini Ufaransa na Marekani walianza kulitumia kuchimbia. Faida zake ni dhahiri. Hakuna haja ya kusimama kila baada ya mita chache ili kuunganisha bomba jingine, tope halikatizwi, na kisima kikongwe kinaweza kuchomolewa tawi jipya bila kusimamisha mnara mkubwa. Katika visima vya Prudhoe Bay, jimboni Alaska, njia hii imetumika kwa miaka mingi kuyafikia mafuta yaliyosalia pembeni mwa visima vya zamani.

Lakini bomba lililoviringwa kwenye gurudumu haliwezi kuzungushwa hata kidogo. Upande wake mmoja umefungwa kwenye gurudumu lenyewe. Kwa sababu hiyo, kekee iliyo mwishoni mwake haiwezi kusaga chochote pasipo mtambo wa kuizungusha kutoka chini. Kile ambacho Baku ya 1922 ilikichagua kwa sababu ya umaskini wa chuma, hapa ni sharti lisiloepukika.

Mitambo ya chini ya kisima inayotumika leo ni ya aina mbili. Ya kwanza inatokana na pampu iliyobuniwa na Mfaransa René Moineau mnamo 1930, ambayo katika miaka ya 1960 iligeuzwa kuwa injini. Ndani yake mna mhimili wa chuma uliosokotwa, unaozunguka katika kasha lililopakwa mpira. Ina nguvu nyingi, si ghali, na ndiyo inayotumika zaidi. Udhaifu wake ni ule mpira, ambao huvimba na kupasuka kwenye joto kali au unapokutana na kemikali fulani.

Aina ya pili ni turbini. Magurudumu yake ya chuma huvumilia joto ambalo mpira hauliwezi, na kekee za almasi, ambazo hazina beringi za kuchakaa, zinapenda mwendo wake wa kasi. Zaidi ya hayo, turbini haitikisi sana wala hailipindi kwa nguvu lile bomba jembamba lililoishikilia. Kasoro yake ni kuwa inahitaji tope jingi lenye shinikizo kubwa, na bomba jembamba halipitishi tope jingi. Mhandisi wa leo anapochagua kati ya aina hizo mbili, bado anapima mambo yale yale yaliyopimwa Baku: kiasi cha tope, kasi ya mzunguko na uhai wa chuma.

Hapa nchini, elimu hiyo haiko mbali. Baadhi ya visima vya mvuke katika eneo la Olkaria karibu na Naivasha vimechimbwa kwa mshazari, na mitambo ya chini ya kisima ndiyo hutumika kuvipinda kuelekea kwenye nyufa za mwamba wenye mvuke. Mvuke huo ndio unaowasha taa katika nyumba nyingi za Wakenya.

Nani mwenye haki ya jina?

Wanaoandika historia ya uhandisi wamewahi kubishana kuhusu nani hasa aitwe baba wa mtambo huu. Wapo wanaosema ni Cross wa 1873, kwa kuwa ndiye aliyepata hataza. Wapo wanaosema ni Shumilov, kwa kuwa mtambo wake ndio uliofanya kazi kwa uhakika. Kwa kipimo hicho, Kapelyushnikov anabanwa katikati, akiwa hakutangulia kuwaza wala hakufanikiwa kukamilisha.

Lakini hoja hiyo inasahau kilichotokea mwaka wa 1924. Kabla ya kisima kile cha Baku, hakuna aliyejua kama turbini ingeweza kuishi ndani ya tope, chini ya ardhi, ikibeba uzito wa mabomba na kusaga mwamba. Baada yake, swali pekee lililobaki lilikuwa jinsi ya kuifanya idumu. Shumilov na wenzake walianzia kwenye mapanga yaliyolika na gia zilizosagika ambazo mtangulizi wao alikuwa amezitoa kisimani. Mchoro wa 1873 usingewafunza hayo.

Gia za Kapelyushnikov zilikwisha kuachwa miaka mingi kabla ya kifo chake, na hakuna anayezitumia leo. Fikra aliyoipeleka kisimani ingali inafanya kazi. Kila mahali ambapo bomba limetulia huku kekee ikizunguka chini yake, iwe ni kwenye barafu ya Alaska au kwenye miamba ya moto ya Bonde la Ufa, kazi inayofanyika ni ile aliyoianza mwana huyo wa Abastumani katika mji uliokosa chuma.